Barafu ya Jumapili

Kerttu Heiskanen alikuwa na miaka kumi na miwili, na kama watoto wote wa Kajaani, mji wa Finland, aliamka gizani kuanzia Novemba hadi Februari. Saa moja kasoro robo asubuhi alikula uji wa shayiri uliotiwa siagi, akavaa soksi mbili mbili, akajifunga skafu hadi puani. Kisha akafanya jambo lililofanywa na kila mkazi wa safu yao kabla ya kutoka: alifungua mlango nusu, akachungulia juu. Ukingo wa paa ukiwa umening'iniza barafu, mtu alitoka mbio. Ukiwa mtupu, alitoka taratibu kama mtu mwenye heshima zake.

Safu hiyo ilikuwa na nyumba tano zilizoshikana ukuta kwa ukuta. Mwishoni kabisa, baada ya mlango wa tano, palikuwa na sauna ya wakazi wote, chumba cha kuogea mvuke wa moto. Paa lilikuwa moja, gata moja ya kukinga maji ukingoni, na tabu moja. Theluji ya juu iliyeyuka kwa joto linalopanda kutoka ndani, maji yakateremka hadi ukingoni ambako hakuna joto, yakaganda hapo. Gata ikajaa, bomba la kushushia maji likaziba, na maji yaliyokosa njia yakaganda yakining'inia juu ya milango. Watu waliyaita mikuki, na hawakuwa wakitania. Mwaka uliotangulia mkuki mmoja uliangukia sleji ya Bibi Lempi wa mlango wa tano, ile ya kusukuma kwa mguu anayoendea dukani, ukaivunja vipande viwili. Mwenyewe alikuwa amerudi ndani kufuata glavu. Alikuwa na miaka sabini na tisa, na majirani walisema Mungu ndiye aliyemfichia glavu zile.

Kwa hiyo mwaka huu wakazi waliamua kuweka waya wa kuyeyusha barafu. Kuamua kulikuwa rahisi. Kuchagua ndiko kulikowashinda. Wengine walitaka waya wa kupindapinda juu ya ukingo wote wa paa, wengine walitaka waya wa kulala ndani ya gata tu. Kuna waya unaowaka kwa nguvu ileile saa zote, na kuna ule unaojiongezea joto palipo na baridi na kujipunguzia palipo na nafuu. Mama yake Kerttu, aliyeitwa Tuire, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa wakazi. Jioni waliyokutana kuchagua, alimimina kahawa mara tatu na mkutano ukawa bado uko palepale.

Ndipo akasema Mzee Taisto wa mlango wa tatu. Alikuwa fundi umeme kwa miaka arobaini kabla ya kustaafu, na hakuwa mtu wa maneno. Akifungua mdomo, watu waliweka vikombe mezani.

"Viatu havinunuliwi kabla ya kupima mguu," alisema. "Sisi tunagombania waya wakati hatujui barafu inaota wapi, lini, na kiasi gani. Tupime kwanza wiki tatu."

Akaeleza namna ya kupima. Kila siku saa moja asubuhi, mtu apite milango yote mitano na ufito wenye alama za sentimita. Apime mkuki mrefu kuliko yote, aandike, kisha aiangushe yote ili kesho apime iliyoota upya. Kila siku, akarudia, bila kuruka hata moja. Watu wazima wakaanza kutazamana, maana kila mmoja alikuwa na kazi ya asubuhi, na Mzee Taisto magoti yake hayakupenda barafu. Kerttu alikuwa kwenye kiti cha pembeni akila andazi la iliki. Akanyoosha mkono.

Kazi akapewa. Mzee Taisto alimchongea ufito mwenyewe, akauwekea alama kwa kalamu nyekundu, na Kerttu akaupokea kama askari anayekabidhiwa bendera. Asubuhi ya kwanza alijivunia hata baridi iliyomng'ata vidole. Alivaa taa ya kichwani, akapita mlango kwa mlango, akaandika kwa mwandiko mzuri kuliko wa darasani: sentimita tatu, nne, tatu, tano, nne. Shuleni alihakikisha hakuna asiyejua.

"Shikamoo, Profesa wa Barafu," rafiki yake Onni alimwambia kila walipokutana. "Leo barafu imeamkaje?"

"Imeamka salama, na inakusalimu," Kerttu alijibu, na moyoni alifurahi kuitwa profesa.

Siku tano alipima. Ya sita, Jumamosi, akapima pia. Halafu jioni hiyo ikafika zamu ya sauna, kwa sababu kwetu Jumamosi isiyo na sauna haihesabiki kuwa Jumamosi. Familia tano zilipeana zamu kuanzia saa tisa alasiri hadi saa tatu usiku. Kerttu na mama yake waliketi kwenye mvuke mpaka wakawa wekundu, wakaenda kula soseji za kuchoma, wakalala. Na mtu aliyetoka sauna hulala usingizi wa jiwe. Kerttu alipofumbua macho Jumapili, ilikuwa saa nne na mwanga ulikuwa dirishani.

Alishtuka. Akachungulia nje, akaona mikuki haipo, nayo theluji chini ya milango imekwisha kusafishwa. Hapakuwa na cha kupima tena. Angeandika tu "sikupima", na mambo yangekwisha. Lakini ukurasa wake ulikuwa mzuri mno, mistari yote imejaa, na nafasi tupu ingeonekana kama pengo la jino. Akasubiri Jumatatu. Alipopima, namba zilikuwa zilezile za tatu, nne na tano. Akachukua za Jumamosi na za Jumatatu, akaandika za katikati kwenye mstari wa Jumapili. Alijiambia kwamba hiyo ni hesabu, si uongo. Jumapili ya pili akalala tena, na safari hii hakushtuka hata kidogo.

Mzee Taisto alipoona daftari alitikisa kichwa kwa kuridhika. Alisema kwamba barafu yao ni ndogo na imelingana milango yote, basi waya mwembamba ndani ya gata utatosha, hakuna haja ya kupanda juu ya paa. Mama Tuire alinakili namba hizo, akazibandika kwenye ubao wa matangazo, na chini yake akaandika kwamba zimepimwa na Kerttu. Kura ingepigwa Jumatatu iliyofuata. Kerttu alipita mbele ya ubao ule mara nyingi kuliko alivyokuwa na sababu.

Jumapili ya tatu aliamka saa mbili na nusu kwa ajili ya mashindano ya kuteleza kwa ski, saa ya kupima ikiwa imeshapita. Alikuwa jikoni akifunga viatu vyake aliposikia kishindo, kisha kimya. Akachungulia dirishani. Chini ya taa ya mlango wa tano, Bibi Lempi alikuwa ameketi kwenye theluji. Mpini wa fagio lake ulikuwa umevunjika, na kando ya mguu wake lilikuwa pande la barafu lenye urefu wa mtoto wa chekechea.

Kerttu akatoka bila koti. Akamsaidia bibi kuinuka, akampangusa theluji mgongoni, akamuuliza ameumia wapi. Bibi Lempi alikuwa akishika kiwiko cha mkono, ila alicheka kidogo.

"Leo limenipania," alisema. "Kila Jumapili huwa nalisukuma kwa fagio nikiwa nimesimama pembeni. Leo limewahi kabla sijasogea."

"Kila Jumapili, bibi?"

"Kila Jumapili, mwanangu. Mkubwa hivi, wakati mwingine zaidi. Huwa nangoja hadi saa tatu, nikijua umeshapita na ufito wako, umeshaandika. Sitaki kukuharibia kazi."

Kerttu alimshika bibi mkono usiouma. Alimwingiza ndani, akamwekea maji ya kahawa, akatoka kupima lile pande kwa ufito, akarudi kwao. Kwenye mashindano alishika nafasi ya ishirini na tatu na hakukumbuka hata njia aliyopita. Alichokumbuka ni daftari. Kwenye mstari wa Jumapili iliyopita, mlango wa tano, alikuwa ameandika sentimita nne.

Alielewa vizuri sana kilichokuwa mbele yake. Akinyamaza, kesho wakazi watachagua waya mwembamba, na waya ule hauliwezi pande kama lile. Litaendelea kuota juu ya kichwa cha bibi, na Jumapili moja halitakosea. Akisema, jina lake liko ubaoni na mama yake ndiye aliyelibandika. Alizunguka na jambo hilo siku nzima. Usiku alilala vibaya, na Jumatatu shuleni Onni alipomsalimia kwa cheo chake, alimwomba asimwite hivyo.

Mkutano ulifanyika kwenye chumba cha kukaushia nguo, kati ya mashuka ya watu. Bibi Lempi alikuja akiwa amefungwa bendeji kwenye kiwiko, na alipoulizwa alisema aliteleza. Mama Tuire akafungua karatasi na kutangaza kwamba wanaweza kupiga kura.

Kerttu akasimama.

"Msipige," alisema, na sauti yake ikatoka nyembamba. "Namba za Jumapili si za kweli. Zote mbili za kwanza nilizitunga. Nilikuwa nimelala. Na jana barafu ya mlango wa tano ilikuwa na sentimita tisini na mbili, na ndiyo iliyomwangusha Bibi Lempi."

Huku kwetu watu wakishtuka hawapigi kelele. Kijiko cha mtu kilizunguka kikombeni, kikazunguka, kikasimama. Mama Tuire aliinamia karatasi zake, uso umemwiva hadi masikioni. Kerttu alitamani sakafu ifunguke.

Mzee Taisto akaomba daftari. Akalitazama kwa muda, akatoa kalamu mfukoni, akamsogezea Kerttu.

"Zifute wewe," alisema. "Mstari mmoja tu juu yake, zisomeke. Kisha andika pembeni: sikupima."

Kerttu akafuta. Ukurasa ule mzuri ukaharibika kabisa. Wakazi wakakubaliana kuahirisha kura kwa wiki mbili. Mtu mmoja akauliza nani atapima sasa, na macho yakaanza kuhamahama. Bibi Lempi akasema kwamba yeye haoni sababu ya kutafuta mwingine, kwani mtoto ameshajua Jumapili ni siku gani. Alimtazama kila mmoja kwa zamu, na hakuna aliyembishia.

Njiani kurudi, hatua ishirini tu, mama Tuire alitembea mbele hadi walipofika mlangoni. Hapo akamwambia Kerttu kwamba ameona aibu kubwa leo. Halafu akasema kwamba aibu hiyo ataimaliza, lakini kama kiwiko cha bibi kingekuwa kichwa, asingeweza kuimaliza kamwe. Akamvuta, akamkumbatia kwa nguvu, mabegi na makoti yote katikati.

Habari ilifika shuleni kabla yake. Onni alikuwa akimngoja.

"Kwa hiyo profesa kafukuzwa kazi?"

"Hajafukuzwa," Kerttu akasema. "Karudishwa darasa la kwanza."

Onni alicheka, akamwambia basi Jumapili atamgongea dirisha. Na kweli alimgongea, akiwa na theluji hadi kwenye nyusi, akilalamika kwamba urafiki una gharama zake. Wakapima pamoja, wakiwa wamesimama mbali na kutumia ufito mrefu. Milango minne ilikuwa na sentimita tatu na nne. Mlango wa tano ulikuwa na themanini na saba. Jumatatu yake ukarudi kwenye tano, na siku zote za wiki ukabaki hapohapo.

Kwa nini Jumapili tu? Swali hilo lilimkaa Kerttu kichwani hata kwenye kipindi cha hesabu. Baridi haijui kalenda, wala paa haliendi kanisani. Akaanza kuorodhesha kinachofanyika siku moja tu kwa wiki, na hakufika mbali. Jumamosi iliyofuata hakungoja asubuhi. Aliketi dirishani kwa Bibi Lempi, akatoka kila saa na taa yake. Saa tisa, familia ya kwanza ilipoingia sauna, ukingo wa paa ulikuwa mkavu. Saa kumi tone la kwanza likaanguka. Saa kumi na mbili maji yalikuwa yakichuruzika juu ya mlango wa tano huku yakiganda, na theluji ya paa hapo juu ilikuwa imebonyea. Akaenda kumgongea Mzee Taisto, akamwonyesha daftari.

"Si baridi, Mzee. Ni sauna."

Mzee Taisto alisoma saa na namba, akarudia kusoma. Rangi ya uso wake ikabadilika kidogo. Akasema kesho atapanda darini mwenyewe.

Kesho yake alipanda, magoti na yote, mama Tuire akiwa ameshika ngazi na Kerttu akimmulikia taa. Alikaa juu muda mrefu. Aliposhuka alikuwa na kitu mkononi, akakitia mfukoni. Akamwambia mama Tuire kwamba jambo hili atalisema mbele ya wote, mara moja.

Kwenye mkutano alisimama kabla hata kahawa haijamiminwa. Akatoa mfukoni kipande cha mkanda wa gundi, kimekauka na kujikunja, akakiweka mezani.

"Bomba linalotoa mvuke wa sauna limeachana kwenye maungio," alisema. "Mvuke hautoki nje. Unamwagika darini, unayeyusha theluji kutoka chini, na maji yote yanakwenda kwa Lempi. Mnakumbuka ile siku ya kazi ya pamoja, tulipobadilisha bomba, miaka kumi na minne iliyopita? Kuni za sauna zilikuwa zimeshawashwa, soseji ziko tayari, na mimi nilikuwa na haraka ya kuoga. Palihitajika bangili ya chuma ya kubana maungio. Nikazungusha mkanda. Nilisema nitarudi kesho kuweka bangili, na hiyo kesho haijafika hadi leo."

Mzee Taisto akageuka kumtazama Kerttu.

"Niwaambie na hili. Nilipokuwa juu ya ngazi niliwaza: naunga upya, nashuka, nani atajua? Fundi wa miaka arobaini, jina langu safi mji mzima. Kisha nikamkumbuka huyu mtoto alivyosimama pale kati ya mashuka, sauti inatetemeka, akasema yake bila kulazimishwa. Nikaona haya kushindwa na mtoto wa miaka kumi na miwili. Watoto wangu, kukosea sote tutakosea. Lakini kosa lililofichwa halikai pale ulipolificha. Linatafuta njia yake taratibu, na siku moja linamwangukia mtu asiyehusika. Ukilisema mapema, unalipa wewe peke yako, na unalipa kidogo."

Bibi Lempi alimnyooshea sahani ya maandazi. Alisema kwamba miaka kumi na minne amekuwa akilaumu baridi, kumbe angemlaumu Taisto, na ingekuwa rahisi zaidi maana Taisto anasikia. Mkutano mzima ukacheka, na Mzee Taisto akacheka pia huku akifuta macho.

Baada ya hapo kuchagua hakukuchukua hata kikombe kimoja. Bomba lifungwe kwa bangili ya chuma, na pamba ya kuzuia joto iongezwe darini juu ya sauna. Waya uwe ule unaojipunguzia joto wenyewe, ulale ndani ya gata, uteremke ndani ya bomba la kushushia maji hadi chini kabisa. Mzee Taisto alieleza kwamba waya ukiishia njiani, maji huyeyuka juu na kuganda chini, na bomba hupasuka. Na kiwekwe kifaa cha kuhisi unyevu na baridi, ili umeme uwake pale tu penye maji ya kuganda. Waya wa kupindapinda juu ya paa haukuhitajika tena. Mikono yote ikainuka, na ya Bibi Lempi ilikuwa miwili.

Kazi ya umeme huku hufanywa na fundi mwenye leseni, kwa hiyo wiki moja kabla ya Krismasi akaja dada mmoja kutoka mjini na gari lake la vifaa. Kabla ya kufungua mkoba wake aliomba kuona vipimo, akapewa daftari la Kerttu. Alilisoma amesimama, akifunua kurasa kwa glavu. Kerttu alikuwa hatua mbili nyuma ya mama yake, akitazama viatu.

"Vipimo safi sana," fundi alisema. "Hata saa ameandika. Nani kapima?"

"Binti yangu," mama Tuire akajibu.

Fundi akageuza kurasa za mwanzo, akasimama kwenye mistari miwili iliyopigwa kalamu.

"Na hizi za Jumapili, nani kazifuta?"

"Yeye mwenyewe," mama Tuire akasema, na akasema kwa sauti ya kusikika hadi mlango wa tano. "Zilikuwa si za kweli, akasimama mbele ya watu wote akazifuta."

Fundi alimtazama Kerttu, akafunga daftari, akalitia ndani ya koti lake upande wa moyo lisilowe kwa theluji.

"Basi zilizobaki naziamini zote," alisema, akachukua ngazi na kwenda kuanza kazi.